Viganja Visivyokutana

Ipo asubuhi moja ya Kasulu, mwanangu, ambayo vidole vyangu huikumbuka kabla ya kichwa. Nikishika kikombe cha chai ya moto, inarudi. Nikipita sokoni nikaona machikichi yaliyochemshwa yanang'aa kwenye beseni, inarudi tena, nami hucheka peke yangu hadi watu wanageuka kunitazama. Umeniambia kwamba wiki hii unaanza kuwapima wagonjwa wa viungo kwa mikono yako mwenyewe, huko Kibondo. Basi sogea. Zawadi niliyo nayo ni asubuhi hiyo.

Nilikuwa tabibu mpya, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Mimi ni mzaliwa wa Kibondo, kama ujuavyo, lakini nilipangiwa kazi Kasulu, chini ya daktari mmoja mtu mzima aliyeitwa Mshana. Alikuwa Mpare mrefu, aliyekuja nyanda zetu kikazi akasahau kurudi kwao. Kiha chake kilichekesha. Alikizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kwa hiyo kazi yangu mojawapo ilikuwa kusimama kando yake na kumvusha pale mawe yalipokwisha.

Baridi ya asubuhi ya Kasulu unaijua. Daktari Mshana hakumgusa mgonjwa hata mmoja kabla hajakumbatia kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili. Chai yenyewe mara nyingi ilipoa bila kunywewa. Wauguzi walimtania, "Daktari wetu anakunywa chai kwa mikono." Naye aliwajibu, "Mkono wa baridi ni tusi la kwanza. Mgonjwa akishtuka, misuli inafunga mlango, nami nitabaki nje nikibisha hodi."

Siku zangu za mwanzo alinituma sokoni nilete machikichi. Nikadhani mzee ana hamu. Kumbe alitaka kunifundisha. Aliweka mezani chikichi lililochemshwa na, kando yake, mise, yaani ile kokwa kavu inayobaki nyama ikishaondoka. Akaniambia nifumbe macho na kubonyeza kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kucha yangu igeuke nyeupe, na hapo nisimame, nisiongeze nguvu.

"Mise inakuambia nini?" akauliza.

"Ngumu, daktari. Hainipokei."

"Na hilo jingine?"

"Linabonyea kwanza. Kisha nakutana na ugumu ndani."

"Basi umeshajifunza nusu ya kazi," akasema. "Kiungo kilichochakaa kwa umri kinavimba kwa mfupa, ni mise. Kiungo kinachowaka kwa ugonjwa kinavimba kwa nyama laini iliyofunika mfupa, ni chikichi lililoiva. Na kidole kimoja hakivunji chawa; gumba la kulia likibonyeza upande huu, la kushoto lisikilize upande ule."

Akala lile chikichi. Sikukosea sana kuhusu hamu.

Sasa asubuhi yenyewe. Aliingia mama mmoja mnene mwenye kanga safi, akichechemea kwa madaha, na nyuma yake msichana mwembamba aliyebeba begi la nguo kwa kulitundika kwenye kiwiko. Mama alijulikana kama Mama Gervas, wa kijiji cha jirani. Alianza kusema kabla hajakaa.

"Daktari, goti langu limekuwa redio. Nikiinuka linasema, nikikaa linasema."

"Linasema nini, mama?"

"Linasema mimi ni mzee. Nimekuja ulizime."

Wagonjwa kwenye benchi wakacheka, na mlango ulikuwa wazi kwa hiyo tulicheka wote. Daktari Mshana akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya goti, kisha pajani, kisha mguuni chini ya goti, akilinganisha joto. Nawe fanya hivyo, mwanangu: mgongo wa kiganja unalijua joto kuliko tumbo lake. Goti lilikuwa na joto lile lile la paja. Akamwomba alikunje na kulinyoosha mwenyewe kwanza, ndipo yeye akalikunja kwa mkono wake, kiganja kimefunika kifuu cha goti, akisikiliza ile mikwaruzo. Akanipa zamu yangu. Nikafumba macho. Mise.

"Mama, goti lako halina moto," akamwambia. "Limechakaa tu, kama bawaba ya mlango uliofunguliwa miaka mingi. Tutakufundisha mazoezi ya kuimarisha paja, na utatafuta fimbo nzuri."

"Fimbo! Nipige nani?"

"Uegemee, mama. Na huyu uliyefuatana naye?"

Mama Gervas akageuza uso. "Huyu ni mukazana wangu, mke wa mwanangu. Devota jina lake. Ni mukazana wangu kwa leo tu. Nikitoka hapa namrudisha kwao Titye, gari linaondoka mchana. Begi lake ndilo hilo."

Kicheko kwenye benchi kikafa. Devota aliinamisha macho. Alikuwa bado bibi harusi kabisa, msimu mmoja wa maharage haujaisha tangu aolewe. Mumewe Gervas alikuwa Manyovu, mpakani, kwenye malori, naye hakuwa na habari ya safari hii.

"Kakosa nini?" akauliza daktari, na swali hilo nikalisema tena kwa Kiha, maana mambo ya nyumbani hutoka vizuri kwa lugha ya nyumbani.

Hapo Mama Gervas akafungua mzigo wake. Mwanangu, wewe umekulia mjini, acha nikukumbushe. Kwetu Buha salamu si neno la kurusha ukipita. Mwanamke kijana humwendea mkwewe asubuhi, hukunja magoti kidogo, hugonganisha viganja kwa upole, paa, paa, akisema "Mwakeye," kisha hushika mikono ya mzee na kukaa nayo. Salamu hiyo ndiyo inayosema: nimelala kwako, nimeamka kwako, mimi ni wako. Ukimnyima mtu makofi hayo, umemnyima heshima.

"Nakaa mlangoni kwangu kila asubuhi nangoja," akasema Mama Gervas. "Anakuja ameficha mikono kwenye kanga kama mwizi wa mayai. 'Mwakeye, mama.' Basi. Makofi hakuna, magoti hakuna. Halafu mchana majirani wakipita, yule yule anawapigia makofi! Kwa hiyo anajua. Mimi ndiye hanitaki. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimempa jembe, analishika kama ameokota nyoka. Nimevumilia, daktari. Nimechoka kudharauliwa mlangoni kwangu."

Sauti yake ilitetemeka mwishoni, nami nikaona kwamba chini ya ukali ule kulikuwa na mama aliyengoja mlangoni akajiona hapendwi.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Aliinuka kuwaaga, na kwa adabu nami nikampa Devota mkono. Unajua tunavyoshikana huku, kwa nguvu na kwa muda. Alinipa wa kwake akitabasamu. Nikaubana, nikaona ni mkono mwembamba wenye vidole vinene kidogo, nikauachia.

"Binti wa Kibondo," akasema daktari taratibu, "dada huyu amefanya nini sasa hivi?"

"Amenisalimia, daktari. Ametabasamu."

"Ametabasamu kwa meno. Ulipombana, macho yake yalifumba na bega likapanda. Uliushika mkono ukautazama mkono. Mkono haujui kusema 'aah'. Ukimgusa mtu, vidole viwe kwenye kiungo na macho yako yawe usoni. Haya, mwombe radhi, kisha muulize kama atakubali umpime."

Alinikaripia bila kupandisha sauti, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Nikamwomba Devota radhi. Akaangalia begi, akamwangalia mkwewe, akatikisa kichwa kukubali, kwa sauti ndogo akasema, "Ndiyo, dada. Lakini polepole."

Tukafunga mlango. Nikapewa kikombe cha chai nikikumbatie. Daktari akaweka mto kwenye mapaja ya Devota na mikono yake juu ya mto, ili isining'inie wala isihitaji kujishikilia. "Tazama kwanza," akaniambia. "Macho hayaumizi."

Nikatazama. Mwanangu, kunja ngumi yako sasa hivi uitazame. Unaona vifundo vimesimama kama vilima, na kati yake mabonde? Ni Kasulu yetu hiyo, vilima na mabonde. Kwa Devota mabonde yalikuwa yamejaa, na ngumi yenyewe haikufunga. Nikamuuliza ni wapi pasipouma, nikaanza huko, kwenye kiwiko, ili mwili wake unizoee. Ukianza na panapouma, mgonjwa hakuamini tena hata ukigusa nywele. Nikashuka hadi kifundo cha mkono, kikawa na joto kuliko mkono wenyewe hapo juu. Nikafika kwenye vifundo vya vidole, kimoja kimoja, magumba mawili yakibonyeza na vidole vya shahada vikisikiliza pembeni, kucha yangu ikigeuka nyeupe nasimama. Safari hii macho yangu yalikuwa usoni kwake. Kila kifundo nilichobonyeza, nyusi zake zilinijibu.

Nilifumba macho mara moja tu, nikajua. Machikichi. Mkono wa kulia machikichi, wa kushoto vilevile, kana kwamba ulitazamana na kioo. Viungo vya ncha za vidole peke yake vilikuwa salama.

"Ukiamka asubuhi mikono inakuwaje?" nikamuuliza.

"Imefungwa, dada. Kama si yangu. Siwezi hata kufunga kanga vizuri."

"Inafunguka lini?"

Alifikiri. "Umande ukishakauka kwenye maharage. Mchana inanikubali."

Daktari akamgeukia Mama Gervas, akamwacha asikie mwenyewe. Asubuhi imefungwa. Mchana inanikubali. Kisha akamwomba Devota akutanishe viganja kama anayesali. Alijaribu kwa moyo wote, midomo imekazwa. Vidole viligusana kwenye ncha, mizizi ya viganja ikagusana, lakini katikati palibaki pengo ambalo yai la kuku lingepita bila kupasuka.

Mama Gervas alikuwa amesimama bila fimbo wala kuegemea, goti limesahaulika.

"Devota," akasema daktari, "unaruhusu mkwe wako aguse, kidogo tu?" Msichana akasitasita, kisha akamnyooshea mkwewe mkono. Daktari akalichukua gumba la Mama Gervas, gumba lililokamua mawese maisha yote, akalielekeza juu ya kifundo. "Bonyeza kama unavyojaribu chikichi kwenye sufuria, mama. Polepole. Niambie."

Mama Gervas akabonyeza. Akasogea kifundo cha pili. Uso wake ukabadilika.

"Hili limeiva," akanong'ona. "Na hili limeiva. Yesu na Maria! Yote yameiva!" Akainama akajibonyeza goti lake mwenyewe, akaguna. "Hili langu mise." Akarudi kwenye mkono wa mkwewe, akaushika kama mtu aliyepewa kifaranga. "Mtoto wewe, mbona hukusema?"

"Mama, nilikuwa mgeni," akasema Devota, na machozi yaliyokuwa yamengoja muda mrefu yakapata njia. "Mgeni ataanzaje na kulalamika? Ungesema ni mvivu. Nilificha mikono usiione ikishindwa."

"Nimesema u mvivu hata hivyo!"

"Umesema, mama."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Devota, kicheko kilichochanganyika na kamasi, kisha Mama Gervas akashindwa kujizuia, akajitupa kitini, kiti kikalia, goti nalo likatoa mlio wake, na hapo hata daktari akasogea kidogo dirishani mabega yakitikisika. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wazee. Lakini siku ile maradhi yaliumbuliwa mapema, na waliokuwa waagane wakawa wameshikana.

Daktari alisubiri wapumue, ndipo akaeleza, na hakupunguza ukweli wala kuuongezea pilipili. Ugonjwa huu haukuletwa na mtu, wala na maji baridi ya mtoni. Ni ulinzi wa mwili uliopotea njia ukashambulia viungo vya nyumbani. Haung'oki kama homa ya siku tatu, ila hutulizwa, na ukiwahiwa kabla haujapinda mifupa, mtu analima, anazaa, anacheza ngoma. Angempeleka hospitali kubwa kwa vipimo vya damu na kumwanzishia dawa, dawa ya kuvumiliwa maana huchelewa kuonyesha kazi yake, na ya kufuatiliwa kliniki bila kukosa.

"Na gari la Titye?" akauliza Devota, kwa woga.

Mama Gervas akainua begi, akaliweka kichwani mwake mwenyewe, huku daktari akimkataza kwa ajili ya goti. "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Na mkuu asiyesikia la mtoto je? Guu ndilo hili linalopiga redio! Twende nyumbani, mukazana wangu. Salamu nitaingoja mpaka umande ukauke."

Wakatoka hivyo, mzee na begi kichwani, kijana mikono mitupu, na watu wa benchi wakauliza kulikoni. Mama Gervas akawajibu, "Waulizeni machikichi."

Kuanzia hapo nilisikia habari zao kwa vipande, kila Mama Gervas alipokuja kwenye mazoezi ya goti. Alikuwa akimwandalia Devota beseni la maji ya vuguvugu asubuhi akae ametumbukiza mikono. Walibuni salamu yao: badala ya makofi, mkwe na mkaza mwana waligusanisha mikono chini ya kiwiko, pande zote mbili, wakasema "Mwakeye." Majirani walianza kuiga bila kujua sababu, wakidhani ni mtindo mpya wa mjini. Gervas aliporudi kutoka Manyovu akamkuta mama yake anachota maji naye mkewe anachambua mboga, alidhani amekosea nyumba.

Kisha mvua zikaisha, na asubuhi moja ya baridi nilikuwa kibarazani na daktari, yeye na kikombe chake. Nyuma yetu nikasikia sauti. Paa. Paa. Ya upole, ya viganja vinavyokutana. Nikageuka. Devota alikuwa amekunja magoti kidogo, kanga imefungwa kwa fundo zuri, anatupigia makofi, na jua lilikuwa halijapanda hata juu ya paa la wodi. Viganja vyake havikuwa vimenyooka kabisa, sitakudanganya. Kidole kimoja kilibaki kimeinama kama anayesikiliza. Lakini vilikutana. Nyuma yake Mama Gervas alisimama na fimbo yake, amevimba kwa fahari utadhani mikono ile ameiumba yeye.

Daktari Mshana aliweka chai juu ya ukuta wa kibaraza. Mpare yule, ambaye Kiha kilimshinda miaka yote, akakunja magoti yake marefu akamjibu kwa makofi. Paa, paa. "Mwakeye," akasema, na safari hiyo hakuteleza kwenye jiwe hata moja.

Mwanangu, siku hizi mna mashine zinazopiga picha ndani ya kiungo, zinaonyesha maji na nyama na mfupa. Zipende, zitumie, laiti tungekuwa nazo. Lakini mashine haitakuja kibarazani kumpa mgonjwa mkono, wala haitamwona mwanamke anayebeba begi kwa kiwiko. Ukianza kazi Kibondo, utawapata Waha, Warundi, Wakongomani wenye Kiswahili chao kitamu, na kila mmoja ana namna yake ya kusalimia. Jifunze salamu zao zote, kwa kuwa uchunguzi wako unaanzia hapo, kabla mtu hajapanda kitandani. Pasha mikono joto. Omba ruhusa, na uiombe tena unapohamia mahali pengine. Tazama kabla ya kugusa, mwache ajikunje mwenyewe kabla hujamkunja, anza pasipouma, linganisha kulia na kushoto, na gumba lako lijue pa kusimama. Macho yako yakae usoni. Na ukisikia nyumba inasema fulani ana kiburi, fulani mvivu, fulani hatupendi, usiamini kwa haraka wala usibishane nao. Muulize tu mikono yake inafunguka saa ngapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mkono usioushika hujui moto wake.

Usione haya kwenda sokoni kununua machikichi, ukayabonyeza kisha ukayala. Mwalimu wangu alifanya hivyo hadi alipostaafu, nami nafanya mpaka leo, ingawa vidole vyangu sasa vimeanza kuwa mise.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe viganja vya joto na kucha fupi. Akupe wagonjwa wanaokuamini kiasi cha kukunyooshea mahali panapouma. Kila mlango utakaoingia uupate umefunguliwa, na kila mkono utakaouacha uwe mwepesi kuliko ulivyoukuta. Na mimi, siku nitakapokuja kwako nikichechemea na redio yangu gotini, nikute una kikombe cha chai mkononi, hujakinywa.

Mwakeye, mwanangu. Nipe mkono.